Chumvi ya Watu wa Kale

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sijui nilikirithi wapi, maana nyumbani kwetu hakuna mwingine. Siwezi kunywa maji kwenye kikombe ambacho sikukiona kikioshwa. Nikikuta unywele kwenye wali, siku hiyo nimeshiba. Mama alikuwa akinicheka, akisema nilikosea njia nikazaliwa huku kwetu bondeni, mahali penye tope nusu ya mwaka na harufu ya samaki mwaka mzima. Ninalieleza hili mapema ili msomaji aelewe kwamba ile safari ya maji moto ilikuwa imeharibika kwangu hata kabla gari halijawashwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati kila mtu pale Ifakara alikuwa ameamka na biashara yake. Huyu anauza mitumba, yule ana mashine ya kukoboa mpunga, mwingine anaonyesha video kwenye banda la mabati. Mtu mmoja mwenyeji wa Songea, aliyekuja mjini kwetu kama dereva, alipata Landrova kuukuu, akaifunga turubai jipya nyuma na kuanza kazi ya kutembeza wageni. Alikuwa akivaa kizibao chenye mifuko mingi isiyokuwa na kitu ndani, na alijipulizia marashi mpaka ukipanda gari lake unafungua kinywa upate kupumua. Alibandika ubao pale sokoni, akaandika kwa rangi nyekundu: maji moto yanayotibu, na magofu ya kale, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Wazungu waliokuwa wakija mjini kwa shughuli zao walimpenda. Wasipojaza gari, nafasi za nyuma aliwapa wenyeji kwa bei ya huruma.

Mama alikuwa akiishi nami Viwanja Sitini, kwenye nyumba niliyopanga na kuweka cherehani yangu barazani. Shamba lake la mpunga lilikuwa Katindiuka, na alikwenda kila siku mpaka magoti yalipoanza kuvimba. Hospitali walisema baridi yabisi. Alipewa vidonge, akapewa na mazoezi ambayo aliyaona ni upuuzi wa watu wasiolima. Jirani yetu mwenye duka, mzee mmoja aliyetoka pwani miaka mingi na ambaye naye alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona, ndiye aliyeleta habari za maji moto. Mama alimsikiliza bila kumjali. Kisha akauliza hayo magofu yako upande gani. Mzee wa duka akaeleza: ukivuka mto kwa pantoni, ukashika njia ya chini ya milima, ukaiacha barabara kubwa mkono wa kushoto. Mama akarudi kupepeta mchele wake. Kesho yake asubuhi akaniambia anataka kwenda kutibu magoti.

Nilifurahi, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kutaka kitu. Nikamwambia nitampeleka.

Siku ya safari tulikuwa watu watano ukimwondoa mtembezaji: mimi na mama, mzee wa duka, na Wazungu wawili, mume na mke, waliokaa mbele. Sisi wengine tulikaa nyuma chini ya turubai, pamoja na trei la mayai mabichi, mkungu wa ndizi, dumu la mafuta lililokuwa likivuja na kuku hai aliyefungwa miguu. Kuku alikuwa akinya kila gari lilipoyumba. Mguu wa mzee wa duka ulikuwa umefungwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa cheupe, na joto lilipopanda ukaanza kunuka. Nilikaa nimeelekeza pua yangu kwenye tundu la turubai, nikivuta vumbi kwa shukrani.

Tulipokuwa kwenye pantoni, mimi na mama tumesimama kando tukiangalia maji ya Kilombero yakipita na magugu yake, ndipo aliponiambia.

"Pale wanapopaita magofu ndipo kwetu," alisema. "Ndipo alipolala dada yako."

Nilijua nilikuwa na dada. Nilijua alikufa kwa surua mimi nikiwa bado nanyonya, na kwamba baadaye, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, malori yalikuja tukapakiwa na kupelekwa ng'ambo ya pili ya mto. Hayo yalikuwa yakitajwa nyumbani kwa kifupi, kama mtu anavyotaja mvua ya mwaka fulani. Ambacho sikukijua ni kwamba mama hakuwahi kurudi. Kiangazi njia ilikuwa ndefu mno kwa miguu, masika haikuwepo njia, baba alipokufa hakukuwa na wa kumsindikiza, na sasa magoti.

"Nataka kumfagilia," alisema. "Mara moja tu, kabla haya magoti hayajanikatalia kabisa. Hayo maji moto mimi sina haja nayo."

Alinionyesha pindo la kanga yake. Alikuwa amefunga unga wa mtama, kiasi cha kiganja. Nikamuuliza atalijuaje kaburi baada ya miaka yote hiyo, wakati msalaba hakuwekewa. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyesahau jina lake.

Kwetu, mtu akizikwa, chombo alichokuwa akilia chakula hutobolewa tundu chini na kufunikwa juu ya kaburi. Hutobolewa ili asije mtu akakitamani akakichukua akala nacho. Cha mkubwa ni chungu au sahani, cha mtoto ni kibakuli. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mfinyanzi, na kibakuli cha dada yangu alikifinyanga mwenyewe, kidogo cha kuenea viganja viwili, akakitia alama za ncha ya bua la mtama kuzunguka mdomo. Siku ya maziko mama ndiye aliyekitoboa, kwa mkia wa jembe. Alipiga kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa, kikapasuka ufa mpaka karibu na mdomo, ila hakikuvunjika. "Nikikiona nitakijua," alisema. "Hata gizani nitakijua kwa vidole."

Basi tukavuka. Kuanzia hapo sikuwa tena na haja ya kulalamikia kuku.

Maji moto yalijitangaza kwa pua kabla ya macho. Ni harufu ya yai viza, na hiyo nilisamehe, kwa sababu ndiyo asili yake. Ambacho sikusamehe ni watu. Maji yanatoka kwenye mawe chini ya kilima, yanafanya dimbwi la kwanza, yanamwagikia la pili, halafu yanapotelea kwenye matete. Dimbwi la kwanza lilikuwa na utando wa kijani ukingoni, mnene, unaoteleza, na kwenye utando huo mlikuwa mmenasa kila kitu ambacho mwanadamu hukiacha anapokwenda kutafuta afya: vipande vya sabuni, manyoya ya kuku, nywele za mtu aliyenyolewa palepale, vitambaa vya vidonda vilivyokauka vikawa vigumu kama ngozi. Mtu alikuwa amejisaidia nyuma ya jiwe la karibu. Mwingine alikuwa ameliona wazo hilo jema akamfuata.

"Karibuni kwenye hospitali ya Mungu," alisema mtembezaji, akapiga makofi. Kisha akageuka akasema hilohilo kwa Kiingereza.

Mzee wa duka alisema bismillahi, akakaa kwenye jiwe na kuanza kuufungua mguu wake. Niseme tu kwamba kile kitambaa kilikuwa kimeshikana na kidonda, na kwamba alikivuta polepole, akitueleza hatua kwa hatua jinsi anavyojisikia. Akautumbukiza mguu kwenye dimbwi la kwanza na kufumba macho kwa raha. Hatua chache kutoka mguu ule, ndani ya maji hayohayo, mtembezaji alizamisha mayai yetu ya chakula cha mchana, ameyatia kwenye kipande cha chandarua.

Nikamwambia: "Kaka, si ungeyachemshia huku juu, maji yanakotokea?"

"Usiwe na wasiwasi, dada. Maji haya yanaua vijidudu vyote."

"Na kidonda cha mzee?"

"Hicho nacho kitapona," alisema, akacheka, akaenda kumpiga picha yule mama wa Kizungu ambaye alikuwa ameshaingia kwenye dimbwi la pili na nguo yake ya kuogea, akijipaka utando wa kijani mashavuni kwa sababu mtembezaji alimwambia malkia wa zamani walikuwa wakifanya hivyo. Malkia wa wapi, hakusema. Nilitema mate mpaka nikakaukiwa.

Mama alitia miguu yake majini ili watu waone ametia. Hakukaa. Alikuwa akitazama njia inayokwenda nyuma ya kilima, na kila mtembezaji alipoanza hadithi nyingine alikuwa akiguna chinichini.

Huko kwenye magofu hatukufika kwa gari, tulitembea. Mama alishikilia fimbo kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono mwingine. Jua lilikuwa kali, majani marefu yalikuwa yamechomwa, masizi yakitupanda mpaka magotini. Ghafla tukaona kuta. Zilikuwa kuta za matofali ya kuchoma juu ya msingi wa mawe, hazina paa, zimeotewa na mibono. Pembeni kulikuwa na misingi midogo ya nyumba, mingine imebaki mistari tu ardhini.

Mtembezaji alisimama juu ya jiwe akavua kofia. Alisema pale palikuwa na mji wa Wareno, mamia ya miaka iliyopita. Jengo kubwa, alisema, lilikuwa gereza la watumwa. Akawaonyesha Wazungu dirisha dogo lenye nondo, akasema hapo ndipo watumwa walipokuwa wakipewa chakula. Yule Mzungu mume akaishika nondo, akainamisha kichwa na kusimama hivyo kwa muda. Mkewe alilia kidogo.

Lilikuwa ghala la pamba la chama cha ushirika. Dirisha lile ni la karani wa mizani. Mimi mwenyewe nilipandishwa mabegani na baba kwenye foleni mbele ya dirisha hilohilo, nikiwa na umri wa kukumbuka, na karani alinipa pipi ya kijiti. Uongo wa kuuza dawa ya meno sokoni naujua, hauniumizi. Huu ulikuwa wa namna nyingine: mtu amesimama kwenye uwanja wa nyumba yenu, viatu vyake juu ya jiwe la kusagia la shangazi yako, anawatoza watu machozi kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo, na waliokuwepo kweli hawatajwi.

Nikafungua kinywa. Mama akanibana bega.

"Mwache," alinong'ona. "Sikuja kumsikiliza yeye."

Nilitaka kumfuata alipoanza kuzunguka ghala kwenda nyuma, yalikokuwa makaburi. Akanikatalia. Alisema kwanza anataka kufika peke yake, akishamwona ataniita. Nikabaki nikimwangalia akienda, fimbo, hatua, fimbo, hatua, akiangalia chini, mpaka akapotea nyuma ya ukuta.

Chakula kikaandaliwa. Mtembezaji alitandaza majani ya mgomba juu ya msingi wa nyumba. Mzee wa duka alijisogeza, mguu umefungwa upya kwa kitambaa kilekile. Kulikuwa na ndizi za kuchoma, chai ya chupa na yale mayai. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nilizitazama ndizi, nikamwona mtembezaji akizigeuza kwa mkono uliokuwa umetoka kuchinja kuku, nikaziacha. Nikachagua yai. Yai lina ganda lake, nilijiambia; chochote kilichokuwa kwenye yale maji kimebaki nje. Nikalimenya kwa ncha za vidole, nikalifuta na upande wa ndani wa gauni langu.

Kando ya majani mtembezaji alikuwa amepanga vyungu juu ya ukuta mfupi. Vilikuwa vingi, vikubwa kwa vidogo, vingine vimevunjika, vimefutwa vumbi vikapangwa kama vyombo vya duka. Alichukua kimoja akakiinua juu tuone tundu lililokuwa chini yake.

"Hivi vyote vina tundu," alisema. "Tumevikuta hapa hapa, vimetapakaa. Watu wa kale walikuwa wachuja chumvi. Unatia udongo wa chumvi, unamwagia maji, yanachuruzika kwenye tundu. Hii ni teknolojia ya hali ya juu."

Kisha akatuletea chumvi katika kibakuli kidogo, ameziba tundu lake kwa jani la mgomba lililosokotwa. "Chumvi ya watu wa kale," alisema kwa lugha zote mbili. Ilikuwa chumvi ya dukani, tena nadhani ya duka la mzee aliyekuwa amekaa nasi, maana alitabasamu akitazama chini. Kibakuli kikazunguka. Mume akachovya yai lake, mke akachovya, mzee akachovya. Kikanifikia, nami nikitazama yai tu, yale matundu na maneno ya mama pale pantoni hayajakutana kichwani mwangu. Nikachovya, nikauma, nikatafuna. Na kwa sababu ya njaa niliona tamu, nikachovya tena.

Ni wakati ule wa kuchovya mara ya pili ndipo kidole changu kilipopita juu ya mdomo wa kibakuli, nikahisi vishimo. Vishimo vidogo, vimepangwa mstari, vinazunguka. Nikakiinua. Ufa ulianzia kwenye tundu ukapanda mpaka karibu na mdomo na kusimama hapo.

Sikupata nafasi ya kufikiri. Nilisikia fimbo. Mama alikuwa amerudi, amesimama nyuma yangu, uso wake umechafuka kwa masizi na jasho.

"Hakuna chombo hata kimoja," aliniambia. "Makaburi yote yapo matupu, majani yamechomwa, sijui yupi ni yupi. Nimezunguka..." Alikuwa ameona nilichoshika.

Nilitamani kukificha, na hakukuwa na pa kukificha. Mdomo wangu ulikuwa umejaa yai. Mama alinyoosha mkono, akakipokea, akapitisha kidole gumba juu ya vile vishimo, taratibu, kuzunguka mpaka mwisho. Chumvi ikamwagika miguuni mwake. Jani la mgomba likadondoka kutoka kwenye tundu.

Nilikimbilia nyuma ya ukuta wa ghala. Nilitapika yai, nikatapika chai, nikatapika hata kisichokuwepo. Nimewahi kuumwa malaria kali na nimewahi kula samaki aliyeharibika, lakini sijawahi kutapika vile, kwa mwili wote, kana kwamba utumbo nao ulikuwa umesikia habari. Nilikuwa nimekula kwenye chombo cha dada yangu. Kilitobolewa ili mtu asile nacho, na aliyekuja kula nacho ni mimi.

Niliporudi nikifuta mdomo, mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, kibakuli kwenye mapaja. Mtembezaji alikuwa amesimama mbele yake, mikono kwenye mifuko ya kizibao. Wazungu walikuwa wakitazama bila kuelewa. Mzee wa duka alikuwa ameshaelewa; alisema astaghfirullah kwa sauti ndogo, akalitupa yai lake majanini na kuanza kusukutua kwa chai.

"Ulikitoa wapi?" mama aliuliza.

"Huko nyuma, mama. Vilikuwa vimetapakaa tu. Mimi sikujua. Naomba unisamehe mama yangu, mimi kwa kweli..."

"Wewe mtu wa Songea?"

"Wa Songea, mama."

"Mngoni?"

"Mngoni."

"Mimi Mpogoro."

Nikamwona mtembezaji anashusha pumzi, mabega yakashuka. Wapogoro na Wangoni ni watani, na mtani hakasirikiwi. Mtani anaweza kukuvamia na kula ugali wako, anaweza kukutukana mbele ya maiti ya baba yako, ukacheka. Alidhani ameponea hapo. Akatoa hata kicheko. "Ah, kumbe mtani wangu," alisema. "Basi mama, unanitisha bure."

Mama hakucheka. "Mtani, umenichukulia chombo cha mwanangu ukalishia watu. Haya, kwa utani nimeyameza. Sasa nikuulize. Kwenye kaburi, kazi ya mtani ni nini?"

Mtembezaji akatoa mikono mifukoni.

"Anayechimba ni nani? Anayefagia ni nani? Nyie Wangoni mmezika Wapogoro wangapi, leo umesahau kazi? Twende ukanionyeshe ulipokitoa. Ufagie."

Hapo alikuwa amebanwa. Angekuwa amelaumiwa na mteja angejibu, maneno hayakumpungukia. Kwa mtani hakuna jibu, na anayekataa kazi ya utani ni mtu wa kusimuliwa vibaya mpaka kwao. Akamtazama mzee wa duka ili amtetee. Mzee, ambaye mambo ya utani wa bara hayakumhusu, alimwambia: "Nenda, bwana. Nenda kafanye kazi yako."

Tukazunguka ghala, yeye mbele, mama katikati, mimi nikimshika. Makaburi yalikuwa matuta mafupi yaliyokwisha kulala, meusi kwa moto. Alitembea katikati yake akiangalia huku na huku. Nilikuwa namtazama usoni na niliona wazi kabisa: hakuwa na habari. Vyombo vile alivikusanya siku moja kama mtu anavyookota kuni. Alisimama kwenye tuta moja, akaliacha, akasimama kwenye jingine. Mwishowe akachagua lililokuwa karibu na njia, chini ya kivuli kidogo cha mbono.

"Hapa," alisema. "Ni hapa, mama. Nakumbuka vizuri."

Nilitaka kumkaba. Mama aliliangalia lile tuta, akamwangalia yeye, akarudisha macho kwenye tuta.

"Fagia," alisema.

Akavunja tawi akaanza. Mwanzoni alifagia kivivu, vidole viwili, akichunga suruali yake. Mama akamwambia Wangoni wanafagia kama wanavyopigana, kwa kurudi nyuma. Hapo akacheka kweli, akavua kizibao, akapiga magoti na kufagia kwa nguvu, masizi yakimpanda kwenye jasho na marashi. Aling'oa visiki vya majani kwa mikono. Akakusanya udongo, akaliinua tuta, akalipigapiga kwa kiganja. Nyuma yetu nilisikia kamera inalia. Yule Mzungu mume alikuwa amepanda juu ya kaburi la mtu mwingine ili apate picha nzuri, na mtembezaji, bado yuko kwenye magoti, alimgeukia akasema kitu kwa Kiingereza. Nilijua kidogo cha shule. Nilishika maneno mawili: malkia, na kafara.

Mama alifungua pindo la kanga, akanyunyiza unga. Alisema maneno ambayo hayanihusu kuyaandika. Kisha akakifunika kile kibakuli juu ya tuta, akakikandamiza kidogo ili kikae.

"Ukikigusa tena, mtani," alisema, "nitakuja kukaa matanga nyumbani kwako, na nitakula mpaka uhame."

"Sitakigusa, mama."

Tulipokuwa tukirudi, gari likiyumba na kuku akiwa ameshageuka nyama ndani ya ndoo, mzee wa duka alisinzia. Nikamwambia mama: "Yule mtu amekudanganya. Hakujua ni wapi. Amechagua penye kivuli."

"Nilimwona," alisema mama.

"Sasa kwa nini ulimwachia?"

Alikuwa akisugua magoti yake. "Ningemkatalia, ningefagia lipi? Niliyazunguka yote kabla yenu. Mimi ndiye niliyemzika na mimi sikumjua." Baadaye kidogo akasema: "Yule ni mtani. Amefagia. Mimi mwenyewe nisingeweza kuinama."

Tulipofika Ifakara nilijisugua ulimi kwa mswaki mpaka ukatoa damu.

Mama hakuvuka mto tena, magoti hayakumruhusu. Kiangazi kilichofuata mzee wa duka alirudi kwenye maji moto, maana kidonda chake kilikuwa kimekua. Jioni aliporudi alikuja barazani kwangu akanieleza kwa sauti ya chini, akidhani mama amelala. Mtembezaji ana kitu kipya. Wareno na gereza wapo palepale, lakini sasa mwisho wa matembezi anawapeleka watu nyuma ya ghala, kwenye kaburi la binti mfalme. Amelizungushia mawe meupe. Anawapa wageni unga kwenye karatasi, kila mmoja na wake, wanyunyize waombe bahati. Kibakuli kipo juu, kimefunikwa, na anawakataza hata kukisogelea.

Nilisimama nikaiacha nguo ya mteja kwenye cherehani. Nilitukana matusi ambayo mzee wa duka hakuwahi kuyasikia kwangu, na nikasema kesho asubuhi naenda pale sokoni kuung'oa ule ubao wake, namvunjia nao kichwa.

"Nani binti mfalme?" Mama alikuwa mlangoni, ameegemea fremu.

Ikabidi nimweleze. Nilieleza lile la unga, lile la mawe, lile la bahati, na nilieleza kwa hasira ili naye akasirike. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Binti mfalme," alisema. "Na hakuwahi kuvaa kiatu."

Akakaa kwenye kigoda changu, miguu ameinyoosha mbele. Alimgeukia mzee wa duka, akamwuliza jambo moja tu.

"Pamefagiliwa?"

"Pamefagiliwa, bibi. Hakuna hata jani. Nimemwona kwa macho yangu, kabla hajawaita wageni anapiga magoti anafagia."

"Kila gari likija?"

"Kila gari likija."

Mama alivuta kanga akajifuta macho, akaniambia nikae chini nishone nguo ya watu, na ule ubao niuache ulivyo. Sikukaa. Nilitoka mpaka mtaroni nikatema mate, nikatema tena, kwa sababu ladha ya ile chumvi ilikuwa imenirudia mdomoni, na ilikuwa bado tamu.